Faili Lililokataa Kulala

Kiti kilikuwa cha moto.

Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, lakini nyinyi hamkuniacha. Mmoja wenu ameniandikia kwamba tangu siku ile hakalii kiti bila kukigusa kwanza, hata kwake nyumbani, na mkewe anamcheka. Mwache acheke. Mkewe hajawahi kufungua masjala ya Mahakama ya Rufaa ya Jeshi saa moja na nusu asubuhi, kufuli mbili, funguo anazo yeye peke yake, akakuta kuna mtu ameshakaa na kuondoka.

Mama Mizani alikuwa bado na mkono juu ya kile kiti.

Kwa uliyechelewa kuungana nasi: huyu ni karani wa masjala, mama wa miaka hamsini na tisa, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na zimembakia wiki sita astaafu. Jina la Mizani alipewa na makarani wenzake. Kila faili linalotoka mahakama za kijeshi za vikosini linapita kwanza mikononi mwake, naye ndiye anayelipima. Zito linapanda juu kwa majaji. Jepesi linabaki.

Linalopanda husimamishwa kwenye rafu ya kulia. Linalobaki hulazwa kwenye rafu ya kushoto, kifudifudi, likafungwa kamba nyeusi. Ndivyo wanavyosema pale: faili limesimama, faili limelala. Na likishalala, basi tena.

Sasa, faili la yule askari wa lindo, kijana aliyefungwa kwa kuacha zamu, Mama Mizani alikuwa amelilaza karibu mwaka mmoja uliopita. Jumatatu asubuhi akalikuta limesimama. Akasema, nazeeka, nimesahau. Akalilaza. Jumanne, limesimama tena. Akalilaza, na safari hii akafunga mafundo mawili. Leo Jumatano lilikuwa wima katikati ya meza, limeegemea kopo la kalamu. Kamba nyeusi ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa duara pembeni, kama askari anavyokunja mkanda wake anapoukabidhi mlangoni mwa gereza.

Na mwenye faili alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita.

Aligusa jalada kwa ncha ya kidole. Lilikuwa na unyevu, ule wa ukuta usiopata jua.

"Mungu wangu, mimi nimekukosea nini?" alinong'ona.

Nje kwenye korido buti zilianza kutembea. Hatua nane, kimya. Hatua nane, kimya. Mtu akikaa jeshini miaka mingi anaujua mwendo huo hata usingizini. Ni mwendo wa askari aliye lindoni.

Mama Mizani alifungua mlango kwa ghafla.

Korido ilikuwa tupu. Tupu kabisa, isipokuwa yule mama kwenye benchi.

Huyo mnamfahamu. Ni mama wa marehemu. Tangu alipomzika mwanawe huja kila siku ya kazi, anakaa kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani, na jioni anarudi kwake. Alikuwa amevaa kandambili. Kandambili hazitoi mlio wa buti.

"Umesikia mtu akipita hapa?" Mama Mizani aliuliza.

"Nimesikia."

"Ameelekea wapi?"

"Haelekei popote," alisema mama wa askari, sauti haikupanda wala kushuka. "Akifika hapo mlangoni kwako huwa anageuka."

Nywele za Mama Mizani zilisimama chini ya kitambaa. Lakini mtu akiogopa sana hutafuta wa kumgombeza, naye hakuwa na mwingine.

"Ni wewe! Wewe ndiye unayeingia humu na kunichezea mafaili!"

"Mimi?" Yule mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi hata chooni huwa naomba ruhusa getini. Huko ndani nitaingiaje, nitapenya kama moshi?"

Mama Mizani alizitazama zile kandambili.

"Lakini kwa kuwa leo umeanza wewe kunisemesha," yule mama aliendelea, "nikuulize jambo moja, dada yangu. Miezi minne unaniambia kesi ya mwanangu haifiki. Haifiki wapi?"

Hilo swali, msomaji, Mama Mizani alilijua kama jina lake. Alilijibu akiwa amesimama, kwa ile sauti ya karani aliye dirishani.

Mahakama ya rufaa haipokei kila kilio. Ina milango mitatu tu. Mlango wa kwanza ni hukumu ya kifo. Wa pili ni kufukuzwa jeshini. Wa tatu ni kifungo kinachofika miezi kumi na miwili. Kesi ya milango hiyo inapanda yenyewe, aliyehukumiwa aombe asiombe. Iliyopungua hapo, hata kwa siku moja, majaji hawaruhusiwi kuifungua, hata kama wanaisikia ikilia.

"Kumi na miwili," mama wa askari alirudia polepole. "Basi mwanangu anafika."

"Mama, mwanao alipata miezi kumi na siku kumi na tisa. Ninayo hapa, imeandikwa."

"Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo, lakini..."

"Nilikuwepo, dada! Yule afisa aliposoma, mimi sikuelewa maneno mengine yote, nikashika hesabu tu. Nikahesabu kwa vidole. Vikaniishia kwenye kumi. Nikaongeza viwili vya mama aliyekaa ubavuni mwangu, simjui hata jina. Tukabaki tumeshikana hivyo hivyo mpaka wakamtoa nje. Ilikuwa kumi na miwili."

Mama Mizani alirudi ndani, akaufunga mlango. Hakukaa kwenye kile kiti. Alilifungua faili akiwa amesimama, akavaa miwani, akatafuta ukurasa wa hukumu.

"Kifungo cha miezi kumi na miwili." Wino mweusi. Sahihi ya afisa. Muhuri.

Chini yake, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko mwingine. "Toa siku 41 za mahabusu. Baki miezi 10, siku 19. HALIPANDI."

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo Mama Mizani hakuwahi kulifikiria mpaka dakika ile. Kabla ya kuja mahakamani alifanya kazi miaka kumi na minane katika ofisi ya gereza la jeshi. Kazi yake huko ilikuwa moja: kutafuta tarehe ya mfungwa kutoka. Unachukua kifungo, unatoa siku alizokaa mahabusu akisubiri kesi, inayobaki ndiyo anayotumikia. Miaka kumi na minane anatoa, anatoa, anatoa. Mkono ukazoea. Alipohamishiwa masjala, miaka saba iliyopita, alihama na mkono ule ule.

Lakini mahakama ya rufaa haipimi kilichobaki. Inapima kilichotamkwa.

"Yalaaa!" Sauti ilimtoka yenyewe.

Aligeuza kurasa. Ukurasa wa tisa, maelezo ya sajenti wa zamu: "Ndiyo, mimi ndiye niliyemtuma askari huyo aache lindo akalete ufunguo wa ghala." Ndiyo! Kijana amefungwa kwa kuacha lindo, na aliyemtuma amekiri kwa maandishi, na hakuna jaji aliyewahi kuusoma ukurasa huo kwa sababu faili lilikuwa limelala.

Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi ndogo iliyochanwa daftarini. "Nimeambiwa faili langu limelala. Naomba liamshwe. Chumba namba sita kina maji na kifua kinanibana." Pembeni kulikuwa na muhuri wa masjala: IMEPOKELEWA. Mama Mizani aliukumbuka ule muhuri. Aliugonga huku akimwambia mtu wa chai aongeze sukari.

Na yeye alijua, kuliko mtu yeyote katika jengo lile, jinsi gereza linavyofanya kazi. Mfungwa ambaye faili lake limesimama akiugua hupelekwa hospitali kubwa mara moja, kwa kuwa jaji anaweza kumwita wakati wowote na ni lazima afike mzima. Ambaye faili lake limelala hutibiwa humo humo ndani, kwa vidonge.

Askari wa lindo alikufa kwa pumu, kwa vidonge, chumba namba sita, mwezi wa nane wa kifungo chake.

Mama Mizani alikaa sasa. Hata hakukumbuka kugusa kiti.

Saa nne mlango ukagongwa, akaruka. Kumbe ni tarishi, yule mwembamba wanayemwita Chapuchapu kwa sababu hajawahi kuharakisha tangu azaliwe. Shavu moja lilikuwa limevimba kama ameficha limau.

"Nimeng'olewa jino," alisema kwa pamba mdomoni. "Nimetoka huko sasa hivi. Samahani, Mama."

Kisha akaliona faili mezani, limesimama. Akawa wa rangi ya majivu.

"Nani amelisimamisha?"

"Nakuuliza wewe!"

"Mama, nisamehe. Jumatatu ni mimi. Jumanne ni mimi. Yule mama aliniomba, alisema lisimame kidogo tu, mwanawe amechoka kulala. Nikapitisha ile fimbo ya kufungulia mapazia kwenye dirisha la kupokelea, komeo lake halishiki. Nilitaka ulifungue mwenyewe uone."

"Unaona kosa, hunambii?"

"Nani anakwambia wewe kitu, Mama? Miaka saba wewe ndiye mizani. Mimi ni mbeba mizigo."

"Na leo?"

Chapuchapu alitikisa kichwa. Alinyanyua mkono juu.

"Haki ya Mungu, leo tangu saa kumi na mbili niko kwenye foleni ya meno. Na mafundo mawili kwa fimbo? Mimi hata kiatu changu kinanishinda."

Walitazamana. Kwenye korido, hatua nane. Kimya.

"Unazisikia?" Mama Mizani aliuliza.

"Zipi?" alijibu Chapuchapu, lakini alikuwa ameshashika kitasa ili atoke.

Basi Mama Mizani alitazama tarehe ya hukumu. Majaji wanaruhusiwa kuliita faili lililolazwa kimakosa ndani ya mwaka mmoja tangu hukumu itamkwe. Mwaka ulikuwa unakatika leo. Masjala inafungwa saa tisa na nusu. Ikipita hapo, askari wa lindo atabaki mkosaji milele, hata kama sajenti angekuja kulia juu ya meza.

Alilibeba faili mpaka kwa msajili, bosi wake.

Msajili ni mtu wa manukato na tabasamu, kiatu kinang'aa. Alisoma penseli, akasoma ukurasa wa tisa, akaondoa tabasamu akalirudisha tena.

"Umeshamwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Vizuri. Chini ya penseli yako kuna sahihi ya nani?"

"Yako, bosi."

"Yangu. Sikusoma, nilikuamini. Sasa tukilipeleka juu watauliza nani alilaza, na nani alitia sahihi, na kijana alikufaje. Mimi nina watoto. Wewe una wiki sita. Umepika miaka ishirini na mitano, unataka kuangusha chungu siku ya kupakua?"

"Lakini mama yake..."

"Mama yake atafaidika na nini? Mwanawe atafufuka?" Alivuta droo, akalitumbukiza faili ndani, akafunga kwa ufunguo. "Kesho litakuwa karatasi tu. Nenda kanywe chai, Mama Mizani. Umechoka."

Na Mama Mizani, msomaji, alikwenda.

Msinizomee. Najua mnampenda, na mimi pia nampenda. Lakini alikwenda, akanywa chai, tena akamaliza kikombe. Alijiambia mambo ambayo sisi sote hujiambia: kwamba aliyekufa amekufa, kwamba yeye ni karani tu, kwamba sahihi ni ya bosi. Alifikiria sherehe ya kuagwa, na wenzake watakavyosema hakuwahi kukosea hata siku moja.

Hakurudi masjala mpaka saa nane. Mama wa askari aliinua macho.

"Umeangalia, dada?"

"Bado natafuta," alidanganya Mama Mizani.

"Haya. Nipo."

Alijifungia ndani, akakaa. Buti zilikuja. Hatua nane. Alisubiri kile kimya, kisha mgeuko.

Hazikugeuka.

Zilisimama mlangoni. Chini ya mlango, pale mwanga wa korido unapoingia, kulikuwa na vivuli viwili vya miguu. Maji yalianza kupenya taratibu, mstari mwembamba juu ya sakafu, ukielekea kwenye kiti chake. Na ndani ya chumba kile chenye joto la saa nane mchana, mtu alivuta pumzi kwa shida, ile pumzi ya kifua kilichobana inayopiga filimbi.

Mama Mizani aliziba masikio. Filimbi ilikuwa ndani ya masikio.

"Nimesikia!" alipiga kelele. "Nimesikia mwanangu, nakuja! Nakuja sasa hivi!"

Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu, na sakafu ilikuwa kavu. Mama wa askari alikuwa amesimama, mkoba umemwanguka.

"Umemwita nani mwanangu?" aliuliza.

Mama Mizani aligeuka akachukua daftari kubwa la masjala, lile linaloandikwa kila faili linapoingia, akalikumbatia kifuani, akapanda ngazi mbili mbili. Mama wa miaka hamsini na tisa! Chapuchapu alimfuata, na kwa mara ya kwanza maishani alikimbia.

Jaji mkuu wa mahakama ile ni kanali, mkavu, mwenye miwani midogo, anayesoma kila kitu hadi nukta. Makarani humwogopa kuliko bomu.

"Mama Mizani," alisema. "Miaka saba sijakuona ghorofa hii."

"Afande, kuna faili nimelilaza. Lilitakiwa lisimame."

Akasema yote, bila kupumzika: kumi na miwili, siku arobaini na moja, penseli, ukurasa wa tisa, kile kikaratasi na muhuri wake.

"Faili liko wapi?"

"Kwenye droo ya msajili, afande. Limefungiwa."

Kanali alimtazama Chapuchapu. Chapuchapu alitaka kusema "nakwenda afande" lakini pamba ikamzuia, ikatoka "ngwengwe." Hakuna aliyecheka. Alikwenda.

Msajili aliingia na faili, na tabasamu lake likiwa limepinda kidogo. Alilishika kwa ncha za vidole, mbali na shati.

"Afande, sijui nani amemwaga maji kwenye droo yangu. Lakini hata hivyo hapa hakuna la kufanya. Mshtakiwa ni marehemu. Marehemu hana rufaa."

"Kweli," alisema Kanali. "Marehemu hana rufaa ya kuomba. Mtu akiomba halafu akafa, ombi linakufa naye. Lakini faili hili halikuombwa. Hili lilitakiwa kuja lenyewe, na sisi ndio tuliokuwa tunamdai kijana huyu kulisoma. Deni hilo halifi kwa sababu yeye amekufa."

"Afande, mimi nilitia sahihi kwa kumwamini..."

"Kaa chini."

Alisoma. Kila ukurasa aliougeuza uliacha unyevu kwenye kidole chake, naye aliufuta kwa leso, akageuza mwingine. Saa ya ukutani ilikwenda. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo. Kwenye ukurasa wa tisa alisimama muda mrefu. Kwenye kile kikaratasi alivua miwani.

Saa tisa kasoro dakika tano aligonga muhuri. LIMEPOKELEWA KUSIKILIZWA.

Mama Mizani akashika ukingo wa meza.

"Mama yake anaishi wapi?" Kanali aliuliza. "Ni lazima ajulishwe."

"Yuko hapo chini, afande. Kwenye benchi."

"Tangu lini?"

"Miezi minne sasa."

Kanali alivaa tena miwani. "Mimi huingia kwa ngazi za nyuma," alisema, kama anayejieleza kwa mtu. Kisha akainua uso. "Mama Mizani. Hii hesabu ya kutoa siku za mahabusu. Umeifanya kwa faili hili tu?"

"Naam, afande?"

"Nauliza, umeifanya mara ngapi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Asubuhi nzima alikuwa amemlilia mmoja. Mkono ule ule, penseli ile ile, miaka saba.

"Sijui," alisema. "Afande, sijui."

"Kaniletee yote."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Chapuchapu alimfuata. Mama wa askari alikuwa bado amesimama pale pale, mkoba umebaki chini.

"Limepokelewa," Mama Mizani alimwambia. "Kesi ya mwanao itasikilizwa. Ukurasa wa tisa unamtoa, kila mtu ataona."

Yule mama alifumba macho. Midomo ikacheza bila sauti.

"Subiri, usinishukuru. Aliyemlaza ni mimi. Wewe ulihesabu sawasawa, mimi ndiye nilikosea. Kama nisingekosea angepelekwa hospitali. Na leo saa nne nilijua, nikakudanganya."

Mama wa askari alifumbua macho, akamwangalia kwa muda ambao kwa Mama Mizani ulikuwa mrefu kuliko miaka yake yote ya kazi.

"Wewe," alisema. "Wewe unayeniletea maji ya kunywa kila mchana."

"Mimi."

Alidhani atapigwa. Angependa apigwe. Lakini yule mama alielekeza kidole kwenye mlango wa masjala.

"Fungua. Nataka nione alikokuwa amelazwa."

Mama Mizani alifungua kufuli ya kwanza. Akafungua ya pili. Alikuwa amezifunga mwenyewe alipopanda juu? Hakukumbuka kuzifunga. Alisukuma mlango.

Harufu ya ukuta wenye maji iliwapiga usoni.

Kwenye rafu ya kushoto, ile ya waliolala, mafaili mengi yalikuwa yamelala kifudifudi kama siku zote. Lakini katikati yao mengine yalikuwa yamesimama. Wima, moja hapa, moja kule, mpaka mwisho wa rafu. Mbele ya kila moja kamba nyeusi imekunjwa duara.

Chapuchapu alirudi nyuma mpaka akagonga benchi. "Hii si fimbo ya mapazia," alisema, na safari hii kila mtu alimsikia vizuri.

Mama Mizani alichukua la kwanza, akafungua ukurasa wa hukumu. "Toa siku 30." Akachukua la pili. "Toa siku 52." La tatu. "Toa siku 17." Mwandiko wake, wake, wake. Aliyeyasimamisha hakuwa amekosea hata moja.

Mama wa askari alikuwa anahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu. Vilipofika kumi vikamwishia. Alisita. Kisha, bila kumtazama, aliushika mkono wa Mama Mizani na kuendelea kuhesabia vidole vyake.

"Kumi na saba," alisema.

Mama Mizani hakuthubutu kuusogeza ule mkono. Kwa mkono wake mwingine alilifikia la mwisho. Lilikuwa jipya, jalada bado gumu. Alitazama tarehe. Hukumu ya wiki tatu zilizopita. Miezi kumi na miwili, toa siku ishirini na nane, halipandi. Alilikumbuka, alililaza mwenyewe huku akipiga mluzi.

Mwenye faili hilo alikuwa hai.

Aligeuza jalada kutafuta alikofungiwa. Gereza la jeshi. Chumba namba sita.

Kwenye korido buti zilipiga hatua nane, zikasimama nyuma yao. Simu ya mezani ikaanza kulia. Mama Mizani akaipokea.

"Masjala?" ilisema sauti ya mwanamume, yenye haraka. "Hapa ni gerezani, zahanati. Tuna kijana wa chumba namba sita, kifua kimembana, tangu asubuhi hajaamka. Daktari hawezi kumtoa kwenda hospitali kubwa mpaka karatasi yenu ifike na mtutajie: faili lake limelala au limesimama?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Karatasi lazima iwe na muhuri wa Kanali, ghorofa ya juu, na kule juu kulisikika mlango mzito ukifungwa, kisha viatu vya Kanali, aliyedhani mafaili yatamfikia kesho, vikishuka kwa ngazi za nyuma.

Mama wa askari alimsogezea penseli. Kisha akaiondoa, akampa kalamu ya wino.

"Andika, dada," alisema. "Andika upesi."